Hivi huyu Jim Stynes ni nani? Kila siku napita kwenye daraja lake

Mpanda_Baiskeli

Wakuu heshima kwenu. Mi niko huku Melbourne mwaka wa pili sasa, mchana nasoma jioni napeleka misosi ya watu kwa baiskeli maana ada haijilipi yenyewe. Sasa kuna kidaraja kimoja cha waenda kwa miguu na baiskeli pale Docklands, kimejipinda kinapita chini ya daraja kubwa la magari kando ya mto Yarra, kimeandikwa Jim Stynes Bridge. Mi nikajua labda ni injinia aliyelijenga au gavana wa zamani, si unajua huku kila kitu kina jina la gavana.

Juzi nasubiri oda kwenye mgahawa mmoja nikamuuliza mzee wa kizungu anayetengeneza kahawa, aisee yule mzee aliacha mashine inapiga mvuke peke yake, akaniangalia, akasema alikuwa Mwairishi, alikatiza mbele ya mpigaji pasipotakiwa, wakatolewa mashindanoni. Akacheka. Alafu hapohapo machozi yakamlengalenga. Anacheka huku analia, na mi oda ikatoka nikaondoka chakula kisipoe.

Nimepekua mtandaoni nikaona kumbe ni mchezaji wa zamani wa huu mpira wao wa yai, na sanamu yake iko nje ya uwanja wa MCG. Ila maelezo yote yameandikwa kwa mtu ambaye mchezo anaujua tayari. Wenyeji wa huku nisaidieni, huyu mtu alifanya nini? Na mtu anakosea uwanjani anagharimu timu alafu anapewa daraja na sanamu, hii imekaaje? Kwetu ungehama mtaa.

Kijiwe_Nongwa

Hahaha kwetu ungehama mkoa kabisa, mtaa bado karibu. Mi nimemgugo sa hivi, jamaa hajawahi kuchukua kombe hata moja. HATA MOJA. Fainali kubwa kacheza 1988 wakapigwa kwa tofauti ya pointi 96. Wazungu wakiamua kumpa mtu sifa wanampa tu.

Mzee_wa_Takwimu

Kijiwe tulia kidogo, umesoma mistari miwili unatoa hukumu.

Mpanda Baiskeli mdogo wangu umeniamshia mambo. Mi nilikuja huku kusoma mwisho wa miaka ya themanini, nikapanga chumba kwa mama mmoja mshabiki wa klabu ya Melbourne, Jumamosi nyumba nzima ni redio tu, kwaiyo huyu Stynes nimemfuatilia kuanzia bado kijana mpaka anazikwa. Nitaandika ndefu, asiyependa apite.

Kwanza mchezo wenyewe, maana bila huo hutaelewa yule mzee alilia nini. Wao wanaita futi (sio futi za kupimia mbao). Uwanja ni wa mviringo kama wa kriketi, pale MCG urefu unapita mita 150, kila timu watu 18 uwanjani, hakuna ofusaidi, unakimbia popote. Mpira umechongoka kama wa raga ila sio raga, huku ukisema ni raga unatafuta ugomvi. Kila upande wa goli kuna nguzo nne, ukipiga kwa mguu ikapita kati ya zile mbili ndefu za katikati ni pointi sita, ikipita kati ya ndefu na fupi ni pointi moja, yani wanakupa pole ya kukosa. Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali kidogo kabla haujagusa chini, mchezo unasimama kwa ajili yako, unarudi nyuma unapiga kwa nafasi. Mpinzani mmoja tu ndo anaruhusiwa kusimama pale ulipodakia. Wengine wote marufuku kukatiza katikati yenu. Hili la kukatiza lishike, tutalirudia.

Stynes alizaliwa Dublin, Ireland, Aprili 1966. Kwao wana mpira wao wa asili, wa Kigaeli, unachezwa kwa mikono na miguu ila mpira ni wa duara. 1984 alikuwa kwenye timu ya vijana ya Dublin iliyobeba ubingwa wa Ireland nzima. Wakati huo kocha wa Melbourne alikuwa Ron Barassi, mtu mkubwa sana kwenye futi, na klabu ilikuwa hoi, ikapata wazo kwamba Ireland kuna vijana warefu wanaojua kudaka na kupiga mpira na michezo yenyewe inafanana, kwa nini tusiwafuate? Wakaweka tangazo kwenye magazeti ya kule, njoo tukufundishe futi na chuo tutakulipia. Watu waliliona kama kichekesho. Kijana wa miaka 18 hajawahi kushika mpira wa yai maisha yake yote anapanda ndege kwenda upande wa pili wa dunia kushindana na watu walioanza kuupiga kabla ya kuota meno.

Na mwanzoni alikuwa mbovu kweli. Mpira wa yai ukidunda haujulikani unaenda wapi, na huko futi ukikimbia na mpira lazima uudundishe kila baada ya mita 15, sasa fikiria mtu aliyezoea wa duara. Wakamweka timu ya vijana, 1986 wakampeleka kwa mkopo Prahran, ligi ya chini. 1987 ndo akaanza kuonekana timu kubwa.

Sasa 1987. Melbourne hawakuwa wamefika hatua ya mtoano toka 1964, miaka 23. Kepteni wao Robert Flower, mtu mwembamba kama ufagio ila fundi wa kutupwa, kacheza mechi 272 kwenye timu mbovu muda wote, na mwaka huo ndo anastaafu. Timu ikawaka, ikafika nusu fainali ya mwisho dhidi ya Hawthorn, uwanja wa Waverley, Septemba. Wakishinda Flower anacheza fainali kubwa ya kwanza maishani mwake. Sekunde za mwisho Melbourne wanaongoza kwa pointi nne. Hawthorn wanapata faulo (sheria ya kukatiza ni ileile), mpigaji ni Gary Buckenara, yuko mita kama 55 kutoka golini, mbali, kipenga cha mwisho kinalia na mpira uko mikononi mwake, anaruhusiwa kupiga huo mmoja tu. Kwa pale hafiki. Watu wa Melbourne wameshaanza kukumbatiana.

Kijana wa Kiairishi, msimu wake wa kwanza, anakimbia kumfuata mtu wake. Anakatiza katikati ya Buckenara na aliyesimama kwenye alama.

Refa akapuliza, adhabu mita 15 mbele. Buckenara sasa yuko mita kama 40. Akapiga, ikapita katikati, pointi sita, Hawthorn 80 Melbourne 78. Imeisha. Flower akavua jezi hajaonja fainali, na mpaka anafariki 2014 watu wakimtaja lazima mmoja aguse hilo. Kocha John Northey alimfokea yule kijana mle chumba cha kubadilishia nguo kamera zinaona, nchi nzima ikaona. Ile picha ya kijana mrefu ameshika kichwa hajui ajifiche wapi, hata leo ukimuonyesha mtu wa Melbourne wa umri wangu hana haja ya maelezo.

Naenda kumchukua mjukuu shule, nitarudi.

Buda_Nakuru

Wueh. Hiyo story ni moto. Na huyo msee ni rookie bana, hata rule yenyewe ameijua kama miaka mbili tu. Huku kwetu angetafuta flight ya kurudi Dublin usiku huo huo. Mzee ukirudi sema alifanya nini next, usituache hapo kama series.

Kijiwe_Nongwa

Mi bado nasubiri sehemu ya sanamu.

Mzee_wa_Takwimu

Nimerudi. Kijiwe hii hapa sehemu yako.

Baada ya siku ile, toka 1987 mpaka mwanzo wa msimu wa 1998, Stynes hakukosa mechi hata moja. Mechi 244 mfululizo. Aliyekuwa anashika rekodi kabla yake alikuwa Jack Titus wa Richmond, 202, imekaa toka miaka ya arobaini. Ya Stynes ilisimama mpaka 2025, Jack Crisp wa Collingwood alipoipita. Na usiichukulie poa kwa sababu kwenye futi hakuna kofia wala mabega ya plastiki kama Marekani, na yeye alikuwa rakmani, yani yule mrefu aliyekuwa anaruka kugombea mpira refa akiudundisha katikati ili mchezo uanze. Alikuwa na mita 2 kasoro sentimita moja. Kazi ya rakmani kila wiki ni kupigana magoti na mijitu mikubwa hewani, mara nyingi sana kwa mechi. Mbavu, vidole, magoti, vyote vinaliwa. Siku nyingine alicheza na majeraha ambayo mimi na wewe tungechukua likizo ya mwezi. Kilichokuja kumsimamisha ni mkono kuvunjika.

Na aliubadilisha ule uchezaji wenyewe. Marakmani wa zamani walikuwa wanaruka, wanapiga mpira, wanatembea. Yeye ametoka kwenye mpira wa Kigaeli ambako mnakimbia muda wote, kwaiyo akisharuka anakimbia uwanja mzima, unamkuta nyuma anadaka, unamkuta mbele anafunga, mrefu kuliko wote na bado anakimbia kama winga. Wapinzani wake walikuwa wanachoka robo ya tatu yeye ndo kwanza anapasha.

1991 akachukua Brownlow. Hii ndo medali kubwa ya mtu mmoja mmoja, wanaopiga kura ni marefa, kila baada ya mechi wanatoa 3, 2, 1, siri mpaka mwisho wa msimu. Alipata kura 25. Ndani ya miaka minne toka afokewe na kocha kwenye tivii, na saba toka ashike mpira wa yai mara ya kwanza. Mpaka leo hakuna mwingine aliyesajiliwa akiwa amekulia nje ya Australia aliyeishika. Mchezaji bora wa klabu mara nne, 1991 alafu 95, 96, 97 mfululizo. Jumla mechi 264.

Kombe hakupata, Kijiwe yuko sahihi, hilo simpingi. Miaka yake ile Hawthorn walikuwa hawashikiki.

Shangazi_wa_Preston

Jamani na mimi niingie. Mzee wa Takwimu umeeleza vizuri mambo ya uwanjani ila kaka zangu mkiishia hapo hamtaelewa machozi ya huyo mzee wa kahawa. Wachezaji wakubwa huku wapo tele, na wengi wakistaafu kazi yao ni kubishana kwenye redio na kutangaza magari.

Huyu baba alisomea ualimu huku huku akicheza. 1994 akiwa bado anacheza, yeye na rafiki yake mwongozaji wa filamu, Paul Currie, wakaanzisha taasisi ya vijana inaitwa Reach. Sio ile ya kuja shuleni na sare za klabu mpige picha muondoke. Wanakaa na watoto wa sekondari kwenye ukumbi, wanaongea, na wanaoendesha ni vijana wenzao. Mwanangu wa kwanza alipitia hiyo akiwa fomu tatu ya huku, kipindi hicho alikuwa hasemi na mtu nyumbani, anakula chumbani, mlango umefungwa, nyie wazazi wa ughaibuni mnanielewa. Aliporudi siku ile aliongea kwenye gari kutoka shule mpaka nyumbani, nikazunguka mtaa mara mbili makusudi asinyamaze. Sikumuuliza wamemfanya nini nikaogopa kuharibu. Basi mimi Stynes nimemjua kwa njia hiyo, mpira wenyewe mpaka leo siujui vizuri. Mamia ya maelfu ya watoto wamepita kwenye hizo semina. Jimbo la Victoria lilimpa tuzo ya mtu wa mwaka mara mbili, 2001 na 2003, na ni kwa hiyo kazi.

Alafu 2008 klabu yake ya zamani ilikuwa inazama, deni kama dola milioni tano, memba wamekata tamaa, wakamwita awe rais wa klabu. Bure, halipwi. Mwaka uliofuata, Julai 2009, akaita waandishi akasema ana saratani, melanoma, hii ya ngozi ambayo huku inaua sana kwa ajili ya jua. Alikuwa na miaka 43 na watoto wawili wadogo. Ikasambaa mpaka kwenye ubongo. Anapasuliwa kichwa, anapumzika kidogo, unamwona kwenye kikao cha klabu kavaa kofia. Agosti 2010 wakatangaza deni limeisha.

Mimi nafanya kazi ya kuwatunza wazee, na wagonjwa wa saratani nimewaona wengi. Yule mtu nilikuwa nikimwona kwenye taarifa ya habari, nywele hakuna, uso umevimba dawa, anaongelea kutafuta memba wapya, najiuliza huyu nguvu anaitoa wapi. Na hakuwa anajificha, alikubali kamera zimwonyeshe akiwa hoi. Nchi hii wanaume hawazungumzi magonjwa kabisa, naona hilo liliwashtua kuliko hata medali.

Alifariki tarehe 20 Machi 2012, miaka 45. Jimbo likamfanyia maziko ya kiserikali, kanisa kuu la St Paul's hapo mjini, waliokosa nafasi wakajaa Federation Square kuangalia kwenye skrini. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikapita pale nikiwa na sare ya kazi, nikasimama. Watu na skafu zao nyekundu na bluu.

Buda_Nakuru

Shangazi umenimaliza hapo kwa gari, kuzunguka block mara mbili. Mungu akubariki.

Kijiwe_Nongwa

Sawa, hapo kwa watoto na ugonjwa sina neno, nimekaa kimya kwa heshima. Ila tusifanye kila kitu kilikuwa maua, maana nimeendelea kusoma. Akiwa rais, Julai 2011, Melbourne walipigwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 186. 233 kwa 47 jamani. Hiyo ni mechi au msiba? Na kocha wakamfukuza. Kuna klabu ya kusifiwa hapo?

Mzee_wa_Takwimu

Kijiwe kwa kusoma umejitahidi, na ni kweli kabisa, hiyo siku iko kwenye historia, ni kati ya vipigo vikubwa kuliko vyote vya ligi. Kocha Dean Bailey aliondolewa mara tu baada ya hapo. Na mi nitakwambia zaidi, hata baada ya Stynes kufa timu iliendelea kuwa mbovu miaka kadhaa, kulipa deni hakufungi magoli. Nadhani hata wanaompenda wanakosea wakisema aliiokoa timu. Aliiokoa klabu, timu ilikuja kupona baadae sana na kwa mikono ya wengine. Kama deni lingebaki ingeweza kuhamishwa au kuunganishwa na nyingine, na hilo sio utani, 1996 memba wa Melbourne walishapiga kura ya kukubali kuungana na Hawthorn, ikakwama tu kwa sababu memba wa Hawthorn waligoma. Hawthorn haohao wa Buckenara.

Ila kuna kitu kimoja. Usajili wa mwisho wa 2009, yeye ndo rais na ameshatangaza ugonjwa, klabu ilimchukua kijana mmoja mrefu sana, goti bovu, ndevu bado, wa chaguo la 34 (huku klabu zinachagua vijana kwa zamu), wengi hawakuwa na habari naye. Max Gawn. Rakmani. Huyo ndo alikuja kuwa kepteni.

Shangazi_wa_Preston

Na mimi nimalizie hapo kwa Gawn. 2021 Melbourne waliingia fainali kubwa na ilikuwa kipindi cha korona, mji wetu umefungwa, hakuna kutoka, fainali ikahamishiwa Perth, uwanja wa MCG mtupu. Fikiria timu inayoitwa Melbourne inacheza fainali iliyosubiriwa miaka 57 na watu wa Melbourne wamefungiwa ndani. Usiku ule nilikuwa zamu. Kuna mzee mmoja nilikuwa namhudumia, karibu miaka tisini, aliliona kombe la 1964 akiwa kijana, na 1987 alikuwa pale Waverley kwa macho yake. Tukamvalisha skafu. Wakashinda kwa pointi 74, na yeye hakupiga kelele hata kidogo, aliangalia tu, mpaka Gawn anainua kombe. Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akasema basi nizimie taa. Nimezima nikasikia anajiongelesha gizani, anataja majina, Flower, Jimmy, na wengine siwajui.

Mtoto_wa_Uvira

Ndugu zangu salamu, miye niko Adelaide na familia, tumetoka Uvira tukakaa kambini miaka mingi mbele ya kuja huku. Nasoma hii habari yenu nafurahi sana. Watoto wangu wote wawili wanacheza huo mpira wa yai, kila Jumamosi asubuhi niko pale kwa majani na baridi nashika makoti, mambo ya sheria zao bado naelewa nusu, lakini sasa hii ya kukatiza katikati nimeelewa, maana mtoto wangu mukubwa walimupuliziaga hiyo wiki ilipita, nikazania refa anamuonea!

Nataka kuuliza Mzee, huyu Stynes ndiye alifungua njia ya watu wa nje? Maana huku kwetu Port Adelaide tuko na Aliir Aliir, huyo wazazi wake ni wa Sudani Kusini na alizaliwa Kakuma, kambi ya Kenya. Siku watoto walijua amezaliwa kambini kama wao, weh, bango lake likaenda ukutani siku hiyo hiyo.

Buda_Nakuru

Kakuma! Sasa huyo ni wetu basi, nadai asilimia kumi ya hiyo mshahara.

Mzee_wa_Takwimu

Mtoto wa Uvira swali zuri. Kwa Waairishi, ndio, njia ni yake, ingawa kabla yake alishafika Sean Wight, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kerry kule Ireland, klabu hiyohiyo ya Melbourne, beki mzuri sana, naye alifariki kwa saratani mwaka mmoja kabla ya Stynes. Baadae wakaja wengi. Tadhg Kennelly wa Kerry alibeba kombe na Sydney 2005, Mwairishi wa kwanza, alafu akarudi kwao akabeba ubingwa wa Kigaeli 2009, yani pande zote mbili. Zach Tuohy alizipita zile mechi 264 mwaka 2023, akastaafu na 288 na kombe moja la Geelong. Kwaiyo rekodi ya wingi wa mechi kwa Mwairishi sio ya Stynes tena. Ile ya 244 mfululizo nayo Crisp kaipita 2025, ingawa sa hivi ni ngumu zaidi, ukipata mtikisiko wa ubongo tu unakaa nje siku 12.

Kwa Waafrika ni njia nyingine kidogo. Hawa wengi hawakufuatwa na tangazo la gazeti, wamekuja na wazazi kama wakimbizi wakakutana na mchezo shuleni. Majak Daw mzaliwa wa Khartoum ndo alikuwa wa kwanza kutoka Sudani, North Melbourne, mechi ya kwanza 2013. Ila ukimwangalia Aliir anavyoruka kudaka utajua ni kitu kilekile Barassi alikuwa anakitafuta, mrefu, mikono mizuri, hajaharibiwa na makocha akiwa mtoto.

Na kwa faida ya Mpanda Baiskeli, Juni ukiona mji mzima umevaa kofia za sufu za buluu usishangae. Hiyo ni ya Neale Daniher, mchezaji wa zamani wa Essendon, ndo kocha wa mwisho wa Stynes msimu wa 1998. Aligundulika 2013 na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaokausha misuli, akaanzisha kuchangisha pesa za utafiti, kila mwaka watu maarufu wanatelezeshwa kwenye dimbwi la barafu pale MCG kabla ya mechi ya Melbourne na Collingwood. 2025 akapewa tuzo ya Mwaustralia wa mwaka. Kocha na mchezaji, chumba kimoja cha kubadilishia. Nikiwaza hilo huwa sielewi.

Kijiwe_Nongwa

Mzee nimekubali yaishe, sanamu apewe. Ila yule Flower ndo naumia naye. Mtu kafanya kila kitu sawa miaka yote, alafu anayekumbukwa na nchi nzima ni dogo aliyekosea siku yake ya mwisho. Hivi mbele yake yule kijana alikuwa anapitaje mazoezini?

Mzee_wa_Takwimu

Flower alikuwa muungwana kupita kiasi, hakuna mtu aliyewahi kumsikia akimlaumu hadharani. Ila swali lako Kijiwe ni la kweli na nadhani Stynes alilibeba. Mtu hachezi mechi 244 na mbavu zilizopasuka kwa sababu anapenda mazoezi.

Mpanda_Baiskeli

Wakuu nimerudi, samahani jana nilikuwa barabarani mpaka saa sita usiku. Nimesoma yote nikiwa nimeegesha baiskeli palepale darajani, Shangazi umefanya nichelewe oda mbili.

Leo nimepitia tena kwenye ule mgahawa. Nikamwambia yule mzee wa kahawa, "mita 15, Buckenara, Waverley." Hakusema kitu, aliita watu wa jikoni kwa sauti, njooni njooni, mwambieni alichosema huyu kijana. Nikarudia. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama ilikuwa mita 50 au 55 alipokuwa mwanzo, mmoja anapima kwa hatua humohumo ndani ya mgahawa kutoka kaunta mpaka mlangoni, wateja wanamkwepa. Kahawa nimepewa bure. Oda ikapoa, mteja kanipa nyota mbili.

Sasa mzee amenialika Jumapili niende naye MCG, anasema ana tiketi ya memba ya mtu wake aliyefariki, haijawahi kukaa wazi. Nimekubali. Mzee wa Takwimu nielekeze, pale mtu anavaa nini? Skafu yangu pekee ni ya Yanga, ya njano na kijani.

Mzee_wa_Takwimu

Vaa koti zito, pale hata Mei upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Ya Yanga acha nyumbani, yule mzee atakupa ya kwao, utaona, hatakuuliza.

Kijiwe_Nongwa

Ya Yanga acha nyumbani siku zote, sio Jumapili tu.